Mkongwe wa Vita Mbele ya Jaji: Ushuhuda wa Mau Mau na Swali la Ukweli

Mwezi Julai mwaka 2012, katika Mahakama Kuu ya London, wakili wa serikali ya Uingereza alitamka maneno ambayo wakongwe wa vita vya Mau Mau walikuwa wameyasubiri kwa zaidi ya miaka 50. Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara walikuwa wamesafiri kutoka Kenya kutoa ushahidi wao. Wakili alikiri kwamba serikali haikanushi kuwa waliteswa chini ya utawala wa kikoloni. Hata hivyo, upande wake ulishikilia hoja nyingine: kwamba kesi isiendelee kusikilizwa, kwa kuwa muda uliopita ulikuwa mrefu mno.

Kauli hizi mbili zikiwekwa bega kwa bega zinazua mgogoro ambao mwalimu wa fasihi anaujua vyema, ingawa ni nadra kuutaja kwa jina lake. Ya kwanza inamwambia mzee: unayoyasimulia yalitendeka. Ya pili inamwambia: umechelewa, na kumbukumbu haiwezi tena kubeba mzigo wa ushahidi. Makala haya hayanuii kusimulia upya historia nzima ya Mau Mau, kazi ambayo wanahistoria wameifanya na wangali wanaifanya. Nia yetu ni kuuliza swali moja tu. Neno la aliyeshuhudia unyama wa vita lina uzito gani, na sisi tunaofundisha masimulizi tulipime kwa mizani ipi?

Katika fasihi simulizi huwafunza wanafunzi wetu kwamba hadithi za kisalua ni zile zinazofungamana na historia: visakale, mapisi, tarihi, kumbukumbu na visasili. Mtahiniwa akiombwa atofautishe mapisi na visakale, atajibu kuwa mapisi ni maelezo ya matukio ya kweli yasiyotiwa ubunifu mwingi, ilhali visakale huchanganya ukweli na ubunifu, hasa panapohusika mashujaa. Jibu hilo ni sahihi na litapata alama zake. Ila mzee mwenyewe, akiketi kwenye kigoda chake huko Nyeri au Machakos, hasimulii kwa kufuata ainisho letu. Katika pumzi moja atataja kambi aliyozuiliwa, mkono uliomshikia kiboko, na namna Dedan Kimathi alivyotoweka mbele ya askari kama moshi. Je, hayo ni mapisi au kisakale? Ni yote mawili, na mhakiki anayeitupa simulizi nzima kwa sababu ya ule moshi amepoteza pia kiboko, ambacho kilikuwa cha kweli.

Tutazame mfano wa Hola, kwa kuwa hapo ndipo mizani hii ilipojaribiwa vilivyo.

Kambi ya Hola ilikuwa ukingoni mwa mto Tana, mahali pa joto kali, mbali na macho ya wengi. Waliopelekwa huko walikuwa wale ambao serikali iliwahesabu kuwa wagumu kabisa, waliokataa kukana kiapo na kukataa kufanya kazi. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 85 walitolewa kwenda kazini chini ya mpango uliojulikana kwa jina la afisa wa magereza, Cowan. Mpango wenyewe ulikuwa kwamba wakikataa kazi, walazimishwe kwa nguvu. Walipigwa kwa marungu. Watu 11 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa vibaya.

Kisha ikatoka taarifa rasmi. Taarifa hiyo ilidokeza kwamba vifo vilitokea baada ya mahabusu kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Hayo yaliandikwa kwa taipu, yakapigwa mhuri, yakapelekwa kwa magazeti. Uchunguzi wa maiti ndio ulioyafichua: miili ilikuwa na majeraha ya kupigwa. Habari ilifika Bunge la Uingereza, na katika mjadala wa usiku wa manane mwezi Julai 1959, mbunge Enoch Powell, mtu wa chama tawala ambaye hakuna awezaye kumwita rafiki wa Mau Mau, aliishutumu serikali ya chama chake kwa ukali. Pamoja na hayo yote hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Mahali penyewe pakaitwa Galole kwa miaka kadhaa kabla ya jina la Hola kurejeshwa, kana kwamba jina lilikuwa na hatia kuliko watu.

Wambugu wa Nyingi alikuwa Hola siku hiyo. Alipigwa hadi akazirai, akalazwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa. Alikuwa amezuiliwa kwa takriban miaka tisa katika kambi mbalimbali bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Tukilinganisha maandishi ya serikali ya Machi 1959 na neno la mtu huyu, ni wazi ni lipi lililokuwa la kubuni. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea, hata sisi walimu, kudhani kwamba kilichoandikwa ni historia na kilichosimuliwa ni hadithi. Hola inatuonyesha hati iliyotunga kisa na simulizi iliyohifadhi tukio. Gari la maji ndilo lililokuwa ngano.

Kuna suala la msamiati pia, na hapa mwalimu wa Kiswahili ana la kusema ambalo mwanahistoria huenda akalipita. Vita hivi vilipewa jina la hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Havikuitwa vita. Kwa hivyo aliyekamatwa msituni hakuhesabiwa kuwa mateka wa vita mwenye haki za mateka, bali mhalifu. Na maelfu waliokusanywa majumbani, kama vile katika msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954 ulioitwa Anvil, hawakuwa wafungwa, maana hawakuhukumiwa. Mateka, mfungwa, mahabusu: mwanafunzi anayeyachukua maneno haya kuwa visawe hataelewa hila yote ilikuwa wapi. Kumhoji mtu, mara nyingi kwa mateso, kuliitwa kuchuja, kama achujavyo mtu chai. Mahabusu walipangwa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kulingana na walivyodhaniwa kushikilia kiapo. Kambi ziliitwa mahali pa urekebishaji. Katika kambi za Mwea mwaka 1957 kulikuwa na mbinu iliyopewa jina lenye maana ya kuzimua: wagumu wachache waliingizwa miongoni mwa wengi waliokwisha kulainika, na anayekaidi akapigwa mpaka akubali. Kuzimua ni neno la jikoni. Tunazimua uji uliokuwa mzito, tunazimua pombe. Tasfida inapotumiwa kuficha haya huwa na adabu. Inapotumiwa kuficha kipigo, mhakiki hana budi kuuliza nani anazungumza na nani ananyamazishwa.

Waliokuwa wakitoa amri walijua vyema tofauti kati ya jina na jambo. Mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliwahi mwaka 1953 kuandika kwamba hali katika kambi ilimkumbusha Ujerumani ya Wanazi na Urusi ya Wakomunisti. Mwaka 1957 mtu huyohuyo alimwandikia gavana Evelyn Baring kuhusu kanuni ambazo zingehalalisha matumizi ya nguvu, akitahadharisha kwamba ikiwa ni lazima kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Msomaji atambue mwendo wa mhusika huyu kati ya barua moja na nyingine. Mtunzi wa riwaya angehitaji sura nzima kuonyesha mtu akiharibika namna hiyo.

Walikuwepo pia Waingereza waliokataa kunyamaza. Arthur Young, aliyeletwa kuongoza polisi mwaka 1954, alijiuzulu kabla mwaka haujaisha kwa sababu alizuiwa kuwafikisha mahakamani waliowatesa na kuwaua watu. Eileen Fletcher, aliyekuwa afisa wa urekebishaji, alirudi kwao na mwaka 1956 akaandika hadharani kuhusu wasichana wadogo waliofungwa. Barbara Castle alilifuatilia suala hili bungeni kwa miaka. Nao walikanushwa. Kwa hivyo si kweli kwamba ukweli haukujulikana wakati ule. Ulijulikana, ila haukukubaliwa.

Baada ya uhuru, je? Hapa ndipo mwanafunzi hushangaa. Angetarajia kwamba Desemba 1963 ingefungua vinywa. Badala yake kimya kilizidi, na kilikuwa na mizizi zaidi ya mmoja. Kwanza kiapo chenyewe kilikuwa kimewafunga wengi wasiseme. Pili, waliokuwa msituni na waliokuwa homgadi walirudi kuishi kijiji kimoja, wakachota maji mto mmoja, wakaozana, na mara nyingi shamba lilikuwa mikononi mwa yule aliyekuwa upande wa serikali. Tatu, utawala mpya wa Mzee Jomo Kenyatta ulihimiza watu wasahau yaliyopita, huku sheria ya kikoloni iliyopiga Mau Mau marufuku ikiachwa vitabuni. Iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Kwa muda huo wote mkongwe aliyetaka kuunda chama na wenzake ili watafute haki alikuwa, kisheria, mwanachama wa kundi haramu. Tunapowasomea watahiniwa hotuba za mashujaa wetu, tusisahau kuwaambia hili.

Marufuku ilipoondolewa ndipo chama cha wakongwe kilipoandikishwa, na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la kiserikali, ikashirikiana nacho kukusanya masimulizi. Juni 2009 watu watano waliwasilisha kesi London: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Wanaume wawili walikuwa wamehasiwa kambini. Wanawake walikuwa wameteswa kingono. Susan Ngondi alifariki kesi ikiendelea. Jambo la kwanza ambalo serikali ya Uingereza ilidai ni kwamba deni hilo, kama lipo, liliirithi serikali ya Kenya siku ya uhuru. Jaji McCombe alikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo mwezi Julai 2011.

Ni kesi hiyo iliyofungua kabati. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, waliokuwa wakitoa utaalamu wao kwa upande wa wakongwe, walieleza kwamba kulikuwa na hati zilizokosekana. Mwaka 2011 wizara ya mambo ya nje ikakiri kuwa katika jumba lake la Hanslope Park, nje ya London, kulikuwa na takriban faili 1,500 za Kenya ndani ya masanduku 300, zilizosafirishwa kutoka Nairobi wakati uhuru ulipokaribia. Kenya ilikuwa imewahi kuomba irudishiwe hati zake, ikakataliwa. Aidha, ilibainika kwamba jumba hilo lilikuwa na faili takriban 8,800 kutoka makoloni 37. Nyingine nyingi zilikuwa zimechomwa moto kabla bendera hazijashushwa.

Kwa mtu wa fasihi, faili za Hanslope zina mafunzo ya ajabu. Kwa miaka mingi neno la mkongwe lilipuuzwa kwa kukosa karatasi ya kuliunga mkono. Kumbe karatasi ilikuwepo, imefichwa na yuleyule aliyekuwa akiidai. Na ilipopatikana, haikuja kuchukua nafasi ya simulizi. Ilikuja kuifuata kwa nyuma, ikithibitisha kwamba maafisa wa juu walijua. Mkongwe alijua kilichofanywa na mkono uliomshika. Hakuweza kujua barua gani iliandikwa Nairobi na ikajibiwa vipi London. Hati inajua barua, lakini haijui uchungu, wala sauti ya mlango, wala nani aliimba usiku ule. Kila upande una upofu wake.

Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba kesi ingeweza kuendelea licha ya muda kupita, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa maandishi yaliyobaki. Kabla kesi kamili haijasikilizwa pakafikiwa maafikiano. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni akatangaza kwamba serikali inatambua kuwa Wakenya waliteswa na inasikitika kwa dhati. Watu 5,228 walihusika katika maafikiano ya pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi. Hapo hapo akasema kwamba serikali bado haikubali kuwajibika kisheria.

Napendekeza kauli hiyo itumiwe darasani katika somo la pragmatiki. Kusikitika si kuomba radhi. Anayesikitika huenda ni jirani aliyepita njiani akaona nyumba inaungua. Anayeomba radhi ndiye aliyeshika kiberiti. Mwanafunzi akitafsiri kauli ya Hague kwa kuandika kuwa Uingereza iliomba msamaha, amekosea tafsiri, na kosa hilo si dogo. Aidha, kwa kuwa pande mbili ziliafikiana, hakuna jaji aliyesikiliza ushahidi wote na kuandika hukumu ya kusema nani alitenda nini. Mkongwe aliyekwenda kutafuta ukweli alirudi na utambuzi na kiasi cha fedha. Wengi walifurahi, na ni haki yao. Lakini ukweli kamili, ule wa jina kwa jina, haukutamkwa.

Kundi jingine la takriban watu 40,000 lilijaribu baadaye. Mwaka 2018 mahakama iyo hiyo ya London iliitupilia mbali kesi yao. Jaji huyu, Stewart, aliona kwamba muda ulikuwa mrefu mno: mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimefifia au zimechanganyika na masimulizi ya wengine, na upande wa pili hauwezi tena kujitetea kwa haki. Je, tumlaumu? Mimi sioni kwamba hoja yake ni ya kipuuzi. Mhakiki yeyote wa fasihi simulizi anajua kwamba kumbukumbu hujengwa upya kila inaposimuliwa, kwamba msimulizi huazima tukio la mwenzake bila kukusudia kudanganya, na kwamba hadhira huathiri kinachosemwa. Haya ndiyo tunayofunza. Linaloniudhi ni kwamba muda haukupita wenyewe. Ulipitishwa, kwa marufuku, kwa kuchoma faili, kwa kuficha masanduku, kisha aliyeupitisha akaja kuutaja muda huohuo kama kinga.

Ni lazima pia tuseme lile ambalo wapenzi wa Mau Mau hawapendi kusikia. Mkongwe naye huficha. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau walivamia maboma ya walioitwa watiifu kwa serikali, wakateketeza nyumba zikiwa na wanawake na watoto ndani. Chifu wa zamani, Luka Wakahangara, aliuawa pamoja na jamaa zake. Nyuma ya tukio hilo kulikuwa na uchungu wa ardhi, watu waliohamishwa kutoka Tigoni na wengine waliofaidika kwa uhamisho huo. Kisha yakafuata mauaji ya pili, ya kulipiza kisasi, yaliyotendwa na homgadi na vikosi vya usalama, ambayo serikali haikuyatangaza kama ilivyotangaza ya kwanza. Kwa hivyo kuna Lari mbili, na kila upande husimulia moja. Msimulizi anayeanza na ya kwanza na kuishia hapo, au anayeruka hadi ya pili, amefanya uteuzi, na uteuzi ni mbinu ya kisanaa hata pale mwenyewe asipojua. Mwalimu asikilize pengo lilipo.

Takwimu nazo zinahitaji uangalifu. Kwamba watu 1,090 walinyongwa kwa makosa yanayohusiana na Mau Mau ni jambo ambalo Anderson alilionyesha kutokana na kumbukumbu za mahakama. Idadi ya waliokufa kwa jumla, na ya waliozuiliwa, wanahistoria wanabishania hadi leo, na makadirio ya Elkins yalipingwa na wenzake. Mtahiniwa anayeandika insha asimwage nambari bila kusema ni ya nani.

Sasa turudi kwenye rafu yetu ya vitabu. Aliyeanza kuandika akiwa hai na majeraha yakiwa mabichi ni Josiah Mwangi Kariuki, ambaye kumbukumbu zake za kizuizini zilitoka mwaka 1963 na baadaye zikapatikana kwa Kiswahili kwa jina Mau Mau Kizuizini. Alizuiliwa kuanzia 1953 hadi 1960. Hata ndani ya kambi alikuwa akiandika barua za malalamiko na kuzipenyeza nje, kitendo kilichomletea kipigo. Hakungoja uzee wala mwaliko wa mahakama, na ndiyo sababu kitabu chake kina thamani ambayo masimulizi ya baadaye hayawezi kuwa nayo, ingawa nacho kina mwandishi aliyekuwa akielekea kwenye siasa na aliyejua nani angemsoma. Aliuawa Machi 1975, katika Kenya huru, na ukweli wa kifo hicho nao ukawa jambo la kutafutwa.

P. M. Kareithi alitoa riwaya yake Kaburi Bila Msalaba mwaka 1969, mojawapo ya kazi za awali za Kiswahili zilizoshughulikia vita hivi. Lakini kazi iliyojadiliwa zaidi ni Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Kiingereza ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo iliyochapishwa mwaka 1976. Watunzi walitaka kumrudishia Kimathi sauti ambayo ukoloni ulimnyang'anya. Kumbukumbu za kesi halisi, iliyosikilizwa Nyeri Novemba 1956, hazikuwa mikononi mwa umma. Wakabuni mahakama yao. Kimathi wao husimama kizimbani kama mlima.

Miongo minne baadaye, mwaka 2017, kumbukumbu za kesi yenyewe zilichapishwa katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur. Kimathi wa kumbukumbu hizo anajitetea kwa shtaka la kupatikana na bastola na risasi, na mojawapo ya utetezi wake ni kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Wapo waliofadhaika kusoma hivyo. Je, tamthilia ilidanganya? Swali hili nimeliona likiwatatiza hata walimu wenye uzoefu. Jibu langu ni kwamba tamthilia haikudai kuwa hati, na hati nayo si dirisha la moyo. Mtu aliyejeruhiwa kwa risasi, anayehukumiwa na walewale aliopigana nao, katika lugha za watu wengine, huku kamba ikimngoja, hasemi yote aliyonayo. Kizimba cha Nyeri na jukwaa la tamthilia ni miktadha miwili ya usemaji, na kila muktadha una hadhira yake. Anayetaka ukweli wa Kimathi asome yote mawili, kisha aende akasikilize waliobaki.

Nao waliobaki si wengi. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1954 amepita 85 sasa. Mwalimu anayepanga utafiti wa nyanjani asiuahirishe hadi muhula ujao. Awatayarishe wanafunzi wasimwendee mzee na hojaji ndefu iliyojaa maneno kama ukombozi na uzalendo, kwa sababu atawajibu kwa maneno hayohayo, na watarudi na hotuba. Wamuulize vitu. Mlikula nini Manyani? Nambari yako ilikuwa ngapi, uliivaa wapi? Nani alikuwa akiwasomea barua? Kitu kidogo huamsha kumbukumbu ambayo neno kubwa huilaza. Akichanganya miaka, wasimsahihishe, waandike alivyosema, kisha kando waandike tarehe inayojulikana. Akinyamaza, wandike kwamba alinyamaza na walikuwa wamemuuliza nini. Wajihadhari hasa na wanawake wazee, ambao baadhi yao hawajawaeleza hata watoto wao yaliyowapata. Jane Muthoni Mara aliyasema mbele ya majaji. Hilo halimlazimishi bibi mwingine kuyasema mbele ya kijana mwenye simu.

Katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi kuna sanamu iliyozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015 kwa fedha za Uingereza, kama sehemu ya maafikiano yale. Inamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Hawatazamani, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Ni picha nzuri ya jinsi siri ilivyokuwa uhai wakati ule, na ya kwa nini ushuhuda umekuwa mgumu hivi baadaye.

Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa ndani ya uwanja wa gereza. Mjane wake, Mukami Kimathi, ambaye mwenyewe alikuwa katika vita na kuwekwa kizuizini, alidumu miongo mingi akiomba aonyeshwe mahali, chini ya serikali moja baada ya nyingine. Tume na kamati ziliundwa. Alifariki Mei 2023 na akazikwa Njabini kwa heshima za kitaifa, bila kukabidhiwa mabaki ya mumewe.